Kwa Shangazi Kadzo, Ambaye Njia Yake Imeota Nyasi

Shangazi,

Shikamoo. Najua huitikii. Hata ulipokuwa hai, ile miezi mitano ya mwisho, uliniitikia "marahaba" moja fupi kama anayemjibu karani wa ofisi, kisha ukageukia kazi yako. Nilikuwa nasimama pale uani na mfuko wa unga mkononi, unaupokea, unasema asante, unaingia ndani. Hukunitukana hata siku moja. Afadhali ungenitukana. Matusi yako nilikuwa nayajua tangu utotoni, na yalikuwa na mwisho.

Nakuandikia kwa sababu jana kulikuwa na baraza, na yalisemwa mambo ambayo ulipaswa kuyasikia wewe kabla ya mtu mwingine. Kaburini siwezi kuja kuyasema. Mama Nyevu, mwenzako wa mwambani, anapita pale karibu kila jioni kufagia, na mimi na yeye bado hatujaweza kukaa mahali pamoja. Barua zako zote nilikusomea mimi, za hospitali, za chifu, hata ule ujumbe wa kaka kutoka Mtwapa wa kuomba radhi kwa kutokuja Krismasi. Hii itabidi utafute wa kukusomea huko huko.

Nianze na ya nyumbani, maana ungeyauliza kwanza. Kuku wako amewachukua Mama Nyevu, wote isipokuwa yule mwekundu aliyetaga juu ya kabati. Huyo aliliwa kwenye matanga. Paa la jiko limeporomoka upande wa mnazi na hakuna aliyelishika, kila mtu anamngoja mwenzake. Ile ndoo yako ya pweza bado iko nyuma ya mlango. Nimeiosha mara mbili na bado inanuka bahari, nami nimeacha kuiosha.

Sasa nije kwenye lile tulilonyamaziana.

Siku niliyokuja nyumbani na sanduku la droni kwa mara ya kwanza, ulilizunguka kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua. Ukauliza inakula nini. Nikakuambia betri. Ukasema, "Basi haitadumu, kwetu hata tochi hazidumu." Tangu siku hiyo ukaiita nzi wangu. Asubuhi ukiniona na chai ulikuwa unauliza, "Nzi wako ameamka?" Nami nilikuwa najivuna, Shangazi, sikufichi. Mtoto uliyemlea kwa pweza na kome, leo ameajiriwa kurusha ndege ya kupiga picha nyasi za bahari, zile zile ulizokuwa unanikataza kuzikanyaga.

Kazi yenyewe uliielewa haraka kuliko wenzangu wa chuoni. Niliposema mradi unataka kujua nyasi zimebaki wapi na zimekufa wapi, ulisema ni vizuri, maana nyasi zikifa samaki kama tafi hawana pa kula, pweza hana pa kujificha, na mchanga unahama. Nilipokuambia nahitaji alama ya kuonekana wazi chini ili picha zikae sawa kwenye ramani, ulivua leso yako ya juu, ukaitandaza mwambani, ukaiwekea mawe pembeni. Ile picha ninayo. Uko kando ya leso, mkono umeuweka juu ya macho, unaitazama ndege. Ndiyo picha yako pekee ambayo hukukunja uso.

Mradi haukuwa na mtu mwingine wa kunionyesha kilichokuwa chini. Picha kutoka juu ni rangi tu. Kijani hiki ni nyasi au ni mwani? Weusi ule ni jiwe au ni jani lililooza? Wewe ndiye uliyekuwa unatembea mbele, unaingiza mkono majini, unanitolea jani, unaniambia hili liliota baada ya mvua zile kubwa, hili lilikuwepo bibi akiwa msichana. Nikaandika yote. Kwenye ripoti ulitajwa kama "mwenyeji". Hilo nalo lilikuwa kosa langu, ila dogo.

Kosa kubwa linatoka kwenye namna yenu ya kutembea.

Nakumbuka nilikuwa na miaka kama tisa, maji yamepwa, wanawake mmejipanga mnaelekea mwambani kuchokoa pweza. Mlikwenda mstari mmoja, wewe mbele, kila mmoja akiweka mguu pale ulipotoka mguu wa mwenzake. Mimi nikaona kaa, nikatoka mstarini kumfuata. Hukunipiga. Ulinirudisha mpaka ufukweni, peke yangu, nikaanza upya, na wenzako wote wakasimama kwenye maji wakinisubiri nikanyage alama zenu moja moja. Nililia kwa aibu. Ukaniambia, "Kanyaga nilipokanyaga. Tukitawanyika tutaua uwanja mzima. Kidonda kiwe kimoja." Hivyo ndivyo ulivyofundishwa na bibi, na bibi na mama yake. Njia tatu tu katika uwanja mzima wa nyasi, tangu enzi hizo. Pembeni mwa njia zile nyasi zilikuwa zinafika magotini.

Basi ndege ikapaa, na njia zile tatu zikaonekana. Loo, zilivyoonekana. Mistari mitatu myeupe imenyooka katikati ya kijani, kutoka ufukweni mpaka mwambani. Nilikuletea kompyuta jikoni nikuonyeshe. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukasema, "Kumbe hata Mungu anaziona."

Kama mngetembea ovyo, Shangazi, kila mtu na mguu wake, zisingeonekana kabisa. Uwanja ungekuwa umechoka wote kidogo kidogo na picha ingesema uko salama. Mliumiza mahali pamoja ili msiumize pengine, na adabu yenu hiyo ndiyo iliyowafunga.

Kompyuta haijui kitu mpaka ifundishwe. Kazi yangu ilikuwa kukaa na picha na kuipa majina: hapa nyasi, hapa mchanga, hapa mwani, hapa jiwe. Majina yalikuwa kwenye orodha, unachagua unabonyeza. Neno njia halikuwemo kwenye orodha ile. Kulikuwa na "uharibifu wa binadamu". Nilitafuta jingine, wallahi nilitafuta, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikabonyeza hilo. Mara tatu, njia tatu. Nilijiambia nitaeleza kwenye maelezo ya chini, na maelezo ya chini sikuyaandika.

Na yale matundu? Yale mapengo ya mviringo upande wa mlango wa mwamba, mengine yana mkia mrefu? Uliniambia siku ile ile tuliyokuwa tunayapita. "Hizi ni nanga za mashua za watalii. Zinashuka, zinavutwa, zinang'oa mpaka mizizi." Kompyuta ikasema ni mchanga, nami nikayaacha yaitwe mchanga. Ulipouliza, nikakujibu kwa sauti ya ofisini, sauti niliyokuwa nimejifunza juzi tu, "Hilo hatuna ushahidi wake, Shangazi." Ukanitazama. Ukasema, "Haya."

Ushahidi ungepatikana wapi? Tulikuwa tunarusha asubuhi maji yakiwa yamepwa, kabla jua halijasimama utosini, maana likisimama maji yanamulika kama bati na picha haifai. Mashua nazo haziwezi kuja pale maji yakiwa yamepwa, zitakwama. Zinakuja alasiri, maji yamejaa, watu wanapiga mbizi na kupiga picha. Saa hizo sisi tulikuwa tumeshafunga masanduku tunakula samosa barabarani. Kwa hiyo katika kila picha ya mradi ule mlikuwemo nyinyi na ndoo zenu, na mashua haikuwemo hata moja. Si kwamba mtu alizificha. Sisi wenyewe tulichagua saa ya kutoziona, na hakuna aliyeuliza, hata mimi niliyezaliwa pale.

Halafu lile baraza la kwanza.

Wametundika shuka jeupe ukutani mwa darasa la nne. Mimi nimeshika kompyuta. Mkuu wa mradi, bwana mpole, sauti ya chini, anaonyesha picha na kuuliza wazee na akina mama, "Mistari hii mnaijua?" Nikajua. Hapo hapo nikajua inakoelekea, na mdomo wangu ukawa mzito kama umeshonwa. Wewe ukasimama. Ulikuwa umevaa leso mpya. Ukasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Ni zetu. Ile ya katikati ni yangu mimi, nilirithi kwa mama yangu." Ulidhani unasifiwa. Ulidhani nimewaeleza. Ulinitazama ukatabasamu, kwa sababu mtoto wako ndiye aliyezileta njia zenu ukutani.

Yule bwana akakuambia, "Asante sana mama kwa kukubali."

Nikiwa nasuka, nikiwa naoga, naisikia. Kwa kukubali. Ukabaki umesimama, tabasamu halijaondoka bado, unajaribu kuelewa umekubali nini. Mama Nyevu ndiye aliyekuvuta leso ukakaa. Wakasoma ramani, wakasema uwanja utafungwa upumzike, maboya yatawekwa, akina mama watafutiwa mradi wa kufuga nyuki. Mimi nilibonyeza picha inayofuata. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu na niliifanya vizuri.

Nyuki hawajaja mpaka leo, nikwambie.

Mama Nyevu alinisimamisha njiani jioni hiyo akaniambia asante ya punda ni mateke. Wewe hukusema chochote. Kesho yake ukaenda machimboni kuponda kokoto. Mwanamke wa umri wako, mkono uliozoea maji, umekaa juani na nyundo unavunja mawe ya watu wa kujenga. Nilikuja nikakuomba uache. Nilikuambia nina mshahara, nitakulisha. Ukanijibu neno refu kuliko yote ya miezi ile: "Mimi sijawahi kulishwa." Ukaendelea kugonga. Vumbi lilikuwa limekukaa mpaka kwenye kope.

Daktari alisema ni moyo. Mama Nyevu anasema ni ramani, na amesema hivyo mbele ya watu kwenye matanga, mimi nikiwa nimebeba sinia. Sijui, Shangazi. Moyo wako ulikuwa na presha tangu zamani, na vidonge ulikuwa unavisahau makusudi. Lakini juani pale nani alikupeleka? Nimejaribu kujitoa kwenye hesabu hiyo kila upande na natokea pale pale.

Nimekukasirikia pia, ulijue hilo. Ungeniuliza. Mara moja tu ungesema, "Mwanangu, mbona ulinyamaza?" Ningekulilia miguuni, tungemaliza. Ulininyima hata hiyo. Ulikuwa na kiburi, na ulinirithisha, ndiyo maana sote wawili tulisimama uani miezi mitano tukipeana unga.

Basi mwezi uliopita tukarusha tena. Picha zikaja. Njia zenu zimeziba. Ile ya katikati, yako, huioni. Nyasi zimeota juu yake, ukimwonyesha mgeni atasema hapakupita mtu. Mkuu wa mradi alifurahi, akawaita wenzake waje kutazama. Akaniambia niandae maneno ya baraza: uwanja umepona tangu akina mama waondolewe, kwa hiyo ufungwe tena, na zaidi, mpaka upande wa pili wa mwamba. Neno alilotaka niandike juu kabisa lilikuwa mafanikio. Na upande wa mlango wa mwamba, Shangazi, yale matundu yameungana. Si matundu tena, ni kiwanja cheupe. Kompyuta inasema mchanga. Inasema nilichoifundisha.

Sikulala vizuri siku kadhaa, sitakuchosha na hilo. Nilichofanya ni hiki. Jumamosi, alasiri, maji yamejaa, nilichukua droni ya mradi bila ruhusa, nikaenda kusimama kwenye jabali lile mnaloanikia kome, nikairusha. Mara ya kwanza nilikosea kuipaisha. Maji yalikuwa yanamulika, picha nyingi hazikufaa. Lakini lilipopita wingu nikapata kumi na moja safi. Mashua zimepangana, kamba zimeshuka, na kwenye picha tatu unaona nanga yenyewe inakokotwa na nyasi zinaelea nyuma yake. Nilikaa juu ya jabali nikaziangalia kwenye kioo kidogo. Ingenichukua alasiri moja tu. Mwaka wote ule ulihitaji alasiri moja.

Jana nikasimama. Darasa lile lile, shuka lile lile. Nilianza na picha waliyoitaka, njia zilizoziba, kisha nikaweka ya kwanza kando yake, nikasema: mistari hii si uharibifu, mimi ndiye niliyeiita hivyo, na nilijua si hivyo. Nikaeleza mstari mmoja na mguu juu ya mguu. Nikaeleza kwamba kilichookoa uwanja ule vizazi vyote ndicho nilichokiandika kama kosa. Nikaonyesha nanga. Nikakutaja kwa jina lako na la baba yako, si "mwenyeji".

Mkuu wa mradi hakunigombeza. Alifunga kompyuta taratibu, akasema data hizi hazikukusanywa kwa utaratibu. Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka niitwe. Chifu akasema jambo ni zito, litapelekwa juu, watakaa kikao. Maboya bado yapo. Mashua leo zimekuja kama kawaida, nimeziona.

Nilidhani akina mama watasema neno. Nisikufiche, nilitegemea hata kupigiwa vigelegele. Wote kumi na wanne, leso vichwani, wakamgeukia Mama Nyevu. Kisha Mama Nyevu akasimama, akajifunga vizuri, akaniangalia mimi, si meza kuu. Akasema, "Tumesikia. Umesema vizuri. Lakini mdomo huu ulikuwa nao siku ile, na Kadzo alikuwa amekaa hapa."

Akaonyesha kiti. Nacho kilikuwa kina mtu, mama mgeni wa kutoka Magarini aliyekuja kumtembelea binti yake, maskini akainuka kwa kudhani ameambiwa ampishe mtu. Hakuna aliyecheka.

Tukitoka nje Mama Nyevu alinipita, akarudi hatua mbili. Akaniambia siku wakitufungulia nitatangulia mimi, watanifuata nyuma waone ninavyokanyaga. Sijui kama ni msamaha au ni adhabu. Unajua mwenyewe, wa mbele ndiye anayezikanyaga nyasi kwanza, wengine wote wanapita kwenye kosa lake. Njia yenyewe hakuna anayeikumbuka ilivyokuwa inapinda. Mama Nyevu anasema alikuwa anatazama visigino vyako tu, hakuwahi kutazama njia. Imebaki kwenye picha ile ya kwanza peke yake, ile niliyoiita uharibifu. Nimeichapisha, nimeibandika ukutani, naisoma kila kona.

Kwa hiyo nakuahidi haya, na ahadi yangu unajua imeshuka bei. Ripoti yao ya mafanikio sitaitia sahihi, wakiniita au wasiniite. Kila baraza litakapoitishwa nitasimama niseme nilichosema jana, hata wakichoka kunisikia. Na uwanja ukifunguliwa nitatangulia, pale pale ulipopita wewe, bila kuongeza hatua ya kwangu.

Sikuombi unisamehe. Ulikuwa na nafasi ya kunisamehe na hukutaka, na haki ilikuwa yako. Pumzika, Shangazi. Njia wanaweza kuirudisha, maboya wanaweza kuyang'oa, jina lako wanaweza hata kuliandika kwenye ramani. Lakini siku ile ulisimama peke yako mbele ya watu ukinitazama mimi niseme, na nilikuwa hatua sita kutoka kwako, na sikusema.

Mwanao,
Dama